Kipande: data iliyovaliwa shingoni

Leo naomba tuache kodi za programu kidogo, turudi nyuma. Kuna Wakenya ambao bado wanaita kitambulisho "kipande", na jina hilo lina historia chungu.

Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa 1915, ila vita vikaichelewesha hadi 1919-20. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba cheti chenye jina, kabila, alama za vidole na kazi alizofanya. Kiliwekwa kwenye kikebe cha chuma, kikaning'inia shingoni. Ukipatikana bila hicho, ni faini au jela.

Mimi safu inayonitisha si ya vidole. Ni ya mwajiri: asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huajiriwi kwingine. Kitambulisho kumbe ni kufuli! Ukitoroka shamba la mzungu, rekodi hiyo hiyo inamsaidia polisi kukusaka. Harry Thuku aliipinga, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi.

Baada ya Westgate (2013) na Garissa (2015), sishangai serikali kutaka kujua nani ni nani. Lakini Huduma Namba ilipokuja 2019, sheria yake iliruhusu kuchukua hata DNA na mahali unapoishi kwa GPS. Mahakama Kuu ilikataza hayo mawili Januari 2020.

Mimi nilikuwa nimeshapiga foleni na kujiandikisha. Nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta, na sikuuliza data yangu itasomwa na nani.