Mji wa Bukoba Baada ya Tetemeko, na Bonde Letu la Rukwa

Mji wa Bukoba uko mbali nasi sana, kando ya Ziwa Victoria upande wa magharibi, na wengi wetu wa Galula hatujapata kuuona. Hata hivyo habari ya yaliyoupata mji ule mwaka 2016 yatupasa sisi kuijua kuliko watu wengi wa nchi hii, na sababu yake nitaieleza mbele.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Chanzo chake kilikuwa katika wilaya ya Missenyi, karibu na Nsunga, kaskazini ya Bukoba, kilometa 40 hivi kwenda chini. Wapimaji walilihesabu kuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Katika hesabu ya matetemeko ya dunia hilo si la kutisha. Nchi ya Japani hupata ya namna hiyo mara nyingi, na watu wake wakaendelea na kazi zao. Lakini huko Kagera watu 17 walikufa, 440 waliumia, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine zaidi ya 14,000 zikapasuka vibaya hata kukaa ndani yake kukawa hatari.

Usiku ule na siku nyingi zilizofuata watu walilala nje, migombani na viwanjani, hata baadhi ya wale ambao nyumba zao zilikuwa zingali zimesimama, maana ardhi ilizidi kutikisika kidogo kidogo na hakuna aliyeamini ukuta tena. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika, na marehemu wakaagwa katika uwanja wa Kaitaba, ambao siku nyingine ni uwanja wa mpira. Rais John Magufuli alikuwa ameazimu kwenda Zambia kwenye kuapishwa kwa Rais Lungu, akaivunja safari ile. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa, wanafunzi wake wakahamishiwa shule nyingine. Misaada ikaanza kumiminika: maturubai, chakula, mabati, saruji, na fedha. Penye fedha hapakosi maneno. Kabla mwezi haujaisha wakubwa wawili, mmoja wa mkoa na mmoja wa mji, waliondolewa kazini kwa tuhuma juu ya akaunti iliyofunguliwa kwa jina la maafa. Hata mwezi wa Januari 2017, Rais alipofika Bukoba mwenyewe, aliwaambia watu waziwazi ya kwamba Serikali itatengeneza shule, hospitali na barabara, wala haitamjengea kila mtu nyumba yake. Neno lile liliwauma wengi. Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada wa Waingereza pia, ikafunguliwa rasmi mwaka 2021. Wenye nyumba zao walijenga kadiri walivyoweza, na asiye na fedha hana budi kuokota matofali yale yale katika kifusi.

Sasa natuziangalie nyumba zenyewe, kwa kuwa ndizo zilizoua. Wahaya wa zamani walikaa katika msonge, nyumba ya mviringo, ya miti, iliyoezekwa nyasi tangu kileleni hata karibu na chini. Msonge ukitikiswa hupinda na kulia kama kikapu, kisha hurudi mahali pake. Na hata ukianguka, kinachomwangukia mtu ni nyasi na fito. Nyumba iliyoushinda msonge kwa heshima ni ya matofali na mabati. Nayo ni nyumba njema: haishiki moto upesi, mchwa hawaili tofali, na mwenye nayo huitwa mtu wa maendeleo. Ila nyingi katika hizo matofali yake yameshikwa kwa udongo mtupu, kuta zake hazikufungwa pamoja pembeni, na juu yake hapana lenta ya zege na nondo. Ukuta wa namna hiyo hubeba mzigo kutoka juu miaka mingi bila neno. Ukisukumwa kutoka ubavuni, kila upande huenda njia yake. Pembe hufunguka, na ile pembetatu ya matofali chini ya paa huanguka kwanza, nayo ni mzigo wa kumwua mtu. Tena ilikuwa mchana, wengi wako nje. Lingekuja usiku, hesabu ya waliokufa ingekuwa nyingine.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu. Bonde la Ufa la magharibi hutoka Uganda, likashika Ziwa Tanganyika, kisha Rukwa, kisha Ziwa Nyasa, na pande zake mbili huachana milimita chache kila mwaka. Bukoba imesimama kando ya bonde hilo. Sisi tumo ndani yake: mto wetu wa Songwe hushuka kwenda Rukwa katika sakafu ya ufa wenyewe. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa Wadachi, nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa uliozidi 7, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika ya Mashariki katika karne ile. Mizani hiyo yadanganya asiyeizoea: kupanda namba moja ni kuzidisha nguvu mara thelathini na zaidi. Lakini tetemeko lile halikuacha jina la msiba mkubwa, kwa kuwa nyumba za mawe na matofali zilikuwa chache, za misheni na za Serikali, na wananchi walikaa katika vibanda vya miti na majani. Na mwezi wa Desemba 2009, Karonga huko Malawi, si mbali na mpaka wetu, ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo. Watu 4 walikufa, na maelfu ya nyumba zikaharibika, nyingi za matofali.

Tangu mwaka 1910 bonde limebadilika. Matofali twayachoma wenyewe, na udongo ni bure. Nondo na saruji hununuliwa, ndiyo maana huachwa. Lakini mambo mengine hayadai fedha nyingi. Ukuta uwe mfupi, na madirisha yawe mbali na pembe. Matofali ya pembeni yapishane, yasipangwe mstari mmoja. Asiyeweza lenta ya zege na alaze boriti za mti mgumu juu ya kuta zote nne, zifungwe imara zinapokutana. Na ile pembetatu ya chini ya paa ifunikwe kwa bati au mbao badala ya matofali, hasa upande wa chumba wanacholala watoto.