Punguzo Ghushi na Bei ya Marejeo

Katika maduka ya Mabawa na ya barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, hapa Tanga, hasa siku za Idi zinapokaribia, mnunuzi hukuta kibandiko chenye bei mbili, ya juu imepigwa mstari na ya chini imekozwa wino, akaambiwa kuwa kiatu kilichokuwa shilingi 50,000 leo ni 35,000. Iwapo kiatu kile hakikupata kuuzwa 50,000 hata siku moja, mnunuzi hakupunguziwa kitu. Amelipa bei ya siku zote na kurudi nyumbani na furaha isiyo na asili. Tendo hilo napendekeza liitwe punguzo ghushi, na bei ile iliyopigwa mstari iitwe bei ya marejeo.

Wako wanaosema punguzo hewa, kwa kufuata mfano wa mfanyakazi hewa, na neno lao lina nguvu, kwa sababu linaeleza barabara kwamba kitu kilichotajwa hakipo. Lakini hewa haina mtendaji. Kughushi ni kitenzi, kina mwenyewe, na mahakama zetu zimekizoea katika makosa ya nyaraka; na bei ya uongo iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ushahidi uliotungwa ili mtu aghurike. Wanazuoni wa fiqhi nao walikataza najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine adhani kina thamani hiyo.

Kuhusu bei ya marejeo yafaa tuwe waangalifu zaidi, maana bei zenye majina ni nyingi. Bei kikomo, kama ile ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji nchini Tanzania, na ambayo Tanga ina yake kwa mafuta yanayoshushwa bandarini mwake, huwekwa na mamlaka. Na tangu mwaka 1973, Tume ya Bei ya Taifa ilipoundwa, hadi soko lilipofunguliwa katika miaka ya themanini, bidhaa nyingi ziliuzwa kwa bei ya serikali, ambayo yeyote aliweza kuitaja. Bei ya marejeo hutajwa na muuzaji mwenyewe, naye ndiye mwenye kufaidika nayo. Kuiita bei ya awali ni kumsadiki kabla hajathibitisha. Tena tusiichanganye na bei ya kuanzia ya mtu anayepatana na mteja: pale wote wawili wanajua kuwa ni mlango wa mazungumzo, na hakuna aliyedanganywa.

Je, adhabu huzuia punguzo ghushi? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na ilipotungwa iliweka faini isiyopungua asilimia 5 wala kuzidi asilimia 10 ya mapato ya mwaka ya mkosaji. Hiyo si adhabu ndogo. Lakini Cesare Beccaria wa Italia alikwisha kueleza mwaka 1764 kwamba yakini ya adhabu huzuia kuliko ukali wake, na yakini haipatikani pasipo ushahidi: nani atathibitisha kiatu kiliuzwa bei gani mwezi uliopita? Umoja wa Ulaya ulilijibu swali hilo kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 28 Mei 2022, kwamba anayetangaza punguzo ataje bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku zisizopungua 30 kabla yake. Na tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ya umoja huo, katika shauri la maduka ya Aldi Süd, iliamua kuwa asilimia ya punguzo nayo ihesabiwe kutoka bei hiyo hiyo, si kutoka nyingine iliyo juu yake.

Sisi tunayo tayari ala ya kuthibitishia. Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara wanaopaswa kuwa na mashine za kielektroniki za risiti (EFD) hutoa risiti zenye tarehe na bei, na kumbukumbu zake huifikia Mamlaka ya Mapato. Tume ya Ushindani na imwekee muuzaji sharti la siku 30, na atangazaye punguzo aonyeshe kwa risiti zake kwamba aliuza kweli kwa bei ya marejeo. Nawe msomaji, uonapo bei iliyopigwa mstari, muulize muuzaji aliuza lini kwa bei hiyo, kisha itunze risiti yako.