Mgeni Asiyefikia Siku ya Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa katika madarasa yetu, na aghalabu huelezwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini inayo maana nyingine imfaayo mwalimu wa historia. Mgeni aliyeshika jembe ndiye aanzaye kumjua mwenyeji wake. Yule aliyeondoka siku ya pili ameonja chakula tu, hakuona kilivyolimwa.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya gati letu hapa Juba. Leo, meli kubwa za kitalii zitiapo nanga Mombasa, Zanzibar au Cozumel huko Meksiko, abiria hushuka kwa saa chache, wakatembezwa, wakanunua kinyago au kofia, kisha wakarejea melini kabla ya jua kutua. Wengi hudhani desturi hii ni ya bahari peke yake. Kumbe mto nao una historia yake ya wageni wa namna hiyo.

Kwanza tuyaelewe maumbile ya mahali penyewe. Meli itokayo kaskazini huvuka kinamasi kikubwa cha Sudd, hatimaye hufika Juba na kukoma. Kati ya Juba na Nimule mto umejaa maporomoko, na meli haiwezi kupita. Basi kila aliyefika kwa maji alilazimika kushuka: ama atazame na kurudi alikotoka, ama aendelee kwa nchi kavu.

Kabla ya kuwako mji wa Juba, mahali pa kushukia palikuwa Gondokoro, katika nchi ya Wabari, ng'ambo ya mashariki. Mwaka 1862 alifika hapo kwa meli ya mvuke Alexine Tinne, mwanamke tajiri wa Kiholanzi, akifuatana na mama yake. Hakutumwa na serikali wala hakuja kufanya biashara. Alisafiri kwa kupenda kuona nchi. Mwaka uleule alikuwa amekwisha kurejea Khartoum. Kama twamtafuta mtalii wa kwanza katika gati hili, yeye anastahili jina hilo.

Februari 1863 waliingia Gondokoro kwa miguu Waingereza Speke na Grant, ambao walikuwa wameondoka Zanzibar mwaka 1860. Hapo walipokewa na Samuel Baker na mwenziwe Florence, waliopanda mto kutoka kaskazini. Habari hiyo imo katika vitabu vingi. Lisilosisitizwa ni kwamba katika msafara ule walikuwamo wapagazi na walinzi waliosema Kiswahili, na mkuu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa huko Bara Hindi. Basi Kiswahili kilisikika katika ukingo huu zaidi ya miaka 160 iliyopita. Speke aliandika kitabu, Bombay hakuandika.

Mwaka 1910 alifika Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi mwaka uliotangulia. Safari yake ilianzia Mombasa Aprili 1909. Kutoka Nimule alikuja kwa miguu, akawinda pofu wakubwa upande wa Rejaf, kisha akapanda meli iitwayo Dal na kuwasili Khartoum tarehe 14 Machi. Yeye naye alitoa kitabu mwaka huohuo.

Baada ya hao mashuhuri walikuja wageni wa tikiti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuujenga mji wa Juba uwe makao ya jimbo badala ya Mongalla. Katika miaka ya 1930 msafiri aliweza kutoka Mombasa kwa reli, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli, akafika Butiaba kwa gari, akalivuka Ziwa Albert hadi Nimule, na kutoka hapo kwa gari hadi Juba. Alilala hotelini, kisha akapanda meli ya kwenda Kosti, umbali wa kilomita 1,400 hivi. Wenye daraja la juu walikaa melini penye kivuli na huduma. Wengine walisafiri katika matishali yaliyofungwa ubavuni. Mitambo ilikula kuni, na kuni hizo zilikatwa na kupakiwa na watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha msafiri.

Hapa ndipo penye jambo zito. Sehemu kubwa ya maandishi ya zamani juu ya ukingo huu yametoka kwa watu wa siku mbili. Walieleza joto, viboko na machweo. Mwenyeji walimwona akiwa amesimama gatini, nao wakamwandika vivyo hivyo, kana kwamba maisha yake yote yalikuwa kusimama na kutazama meli. Sisemi kwamba walisema uongo. Nasema walichukua sehemu ya mambo, nasi tukaipokea kana kwamba ni yote.

Waliobaki waliacha kumbukumbu ya namna nyingine, nayo ni lugha. Kiarabu cha Juba kilikuzwa na askari, wachuuzi na watumishi wa makabila mbalimbali waliohitaji kuelewana. Ndugu yake ni Kinubi, lugha ya wazao wa askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Wazao hao wako Bombo nchini Uganda na Kibera nchini Kenya. Kiswahili nacho kimerudi hapa kwa nguvu mpya. Vita vilivyoanza mwaka 1955, na tena 1983, viliwapeleka watu wetu wengi Uganda na Kenya. Huko walisoma, na waliporejea waliileta lugha pamoja na mizigo yao. Mwaka 2016 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hawa ndio waliopewa jembe wakalima.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, umpapo mwanafunzi habari yoyote iliyoandikwa na msafiri, mfundishe kuuliza kwanza: mwandishi huyu alikaa siku ngapi? Nani alimbebea mzigo, na kwa lugha gani? Kisha mtume kwa wazee wa mtoni, akaandike kwa Kiswahili sanifu yale wanayoyakumbuka juu ya meli, kuni na matishali. Kazi hiyo haingoji, maana wazee nao ni wasafiri, na meli yao haitoi taarifa ya saa ya kuondoka.