Bendera za makosa ya hesabu na mkasa wa Ariane 5

Mnamo Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti ziitwazo Cluster. Hata sekunde 40 hazikutimia kabla haijapinda, ikavunjika na kulipuka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilibaini kuwa chanzo hakikuwa injini wala mafuta, bali nambari moja iliyoishinda tarakilishi.

Prosesa huhifadhi nambari zenye desimali kwa utaratibu wa nukta elea, yaani tarakimu kadhaa pamoja na kipeo kinachoonyesha nukta ikae wapi. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho Profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichangia pakubwa kukibuni, hutaja hali tano zinazostahili tahadhari: hesabu batili, kugawanya kwa sifuri, jibu kubwa kupita kiasi, jibu dogo mno, na jibu lililokadiriwa. Hii ya mwisho hutokea hata moja inapogawanywa kwa tatu, na haimtishi mtu.

Kila hali ina bendera yake, ambayo ni biti moja tu ndani ya rejista. Kosa likitokea, bendera hupanda, prosesa hutoa jibu mbadala na kazi huendelea. Bendera hubaki juu hadi programu iishushe. Hata hivyo, programu yaweza kuagiza kwamba kosa liikatize papo hapo.

Waandishi wa programu za ngazi ya chini hulazimika mara nyingine kupandisha bendera wenyewe. Anayetunga programu ya kukokotoa logi, kwa mfano, akipewa sifuri hutarajiwa kupandisha bendera ya kugawanya kwa sifuri. Aweza kuiandika biti moja kwa moja kwenye rejista, au afanye makusudi hesabu yenye kosa hilo. Njia ya pili ina hila yake: kikusanyaji cha programu chaweza kuifuta hesabu hiyo kikidhani haina kazi. Lugha ya C ya mwaka 1999 ilitenganisha amri mbili: feraiseexcept, ambayo huchukuliwa kana kwamba kosa limetokea kweli na hivyo yaweza kukatiza programu, na fesetexceptflag, ambayo hupandisha bendera kimyakimya.

Katika Ariane 5, nambari ya biti 64 iliyohusiana na kasi ya kwenda mlalo ililazimishwa kuingia katika biti 16, zisizozidi 32,767. Kosa likaripotiwa, na kwa kuwa hapakuwa na maagizo ya kulishughulikia, kifaa cha uelekezi kikajizima. Kile cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimejizima muda mfupi kabla. Tarakilishi kuu ikausoma ujumbe wa hitilafu kana kwamba ni takwimu za safari. La kusikitisha zaidi, sehemu hiyo ya programu, iliyorithiwa kutoka Ariane 4, haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kupaa. Wahandisi walikuwa wametambua nambari saba za hatari, wakalinda nne na kuziacha tatu ili wasiilemee prosesa.

Kahan alishikilia kuwa, lau utaratibu wa kawaida ungefuatwa, bendera ingepanda, jibu bovu lingepuuzwa, na roketi ingeendelea na safari. Tume nayo ilipendekeza kuwa kifaa chochote cha vipimo kisiruhusiwe kuacha kutuma makadirio bora kiliyo nayo. Setilaiti nyingine nne za Cluster zilirushwa mwaka 2000, kwa roketi za Soyuz za Urusi.