Wimbo wa Wengi: Vyama vya Taarab Zanzibar na Suala la Mtunzi

Historia ya taarab ya Zanzibar imezoeleka kusimuliwa kama historia ya watu mashuhuri. Huanza na Sultani Barghash bin Said (1870–1888), anayesifika kwa kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ikapitia kwa Siti binti Saad na kuishia kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yamewasahau wenzi waliowawezesha watu hao kuimba. Makala haya yanadai kwamba ushirika wa wanamuziki ndio uliokuwa karakana ya ushairi wa taarab, na kwamba uhakiki unaomsaka mtunzi mmoja nyuma ya kila wimbo hupotoka tangu hatua ya kwanza.

Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Jina lake liliazimwa kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 waliojiita ndugu wa usafi, na neno “ndugu” halikuwa pambo tu. Kwa watu ambao muziki haukuwa kazi yao ya kuwapa riziki, ala zilizolazimu kuagizwa Misri, pamoja na ujuzi wa kuzipiga, vingepatikana kwa shida sana bila ya kushirikiana. Hata hivyo, udugu huo ulikuwa na mipaka yake. Ulikuwa wa wanaume wa mjini, na nyimbo zao za awali zilikuwa za Kiarabu. Mwanamke wa shamba hakuwa na nafasi humo.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa na aliyewahi kuuza vyungu, alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa nje ya mipaka hiyo yote. Lakini inaelezwa kwamba aliyemfunza uimbaji, Ali Muhsin, alikuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa. Ujuzi wa chama ulimfikia mtu ambaye chama chenyewe kisingemwandikisha. Pengine hilo ndilo tendo kubwa zaidi katika historia ya chama hicho, na halikupangwa na kikao chochote.

Siti naye akaunda ushirika wa namna nyingine. Nyumbani kwake Ng'ambo walikutana Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi Talsam na Budda bin Mwendo. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics (2001), anaonyesha jinsi mikutano ya usiku ya kundi hilo ilivyokuwa mahali pa kujadili habari za mtaani na za mahakamani, na jinsi nyimbo zilivyochipuka katika mijadala hiyo. Wimbo wa Kijiti ni mfano bora. Unahusu kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni, ambamo mtuhumiwa alitorokea bara ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Hasira iliyomo si ya nafsi moja iliyojitenga. Ni hukumu ya baraza dhidi ya hukumu ya mahakama. Mhakiki anayeandika “Siti anasema” hana budi kujiuliza ni nani hasa anayesema.

Kampuni za sahani za santuri hazikujiuliza. Kundi liliposafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi, Maalim Shaaban na Mbaruku nao waliimba, lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni moja. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, aliusimika umaarufu huo katika fasihi andishi. Wasifu ni utanzu unaodai shujaa mmoja; kosa, kama lipo, ni la utanzu zaidi kuliko la mwandishi.

Mwaka 1958 kikazuka chama kingine, Shime Kuokoana, kilichofungamana na vijana wa Afro-Shirazi Party. Jina hilo lilitamka waziwazi kile ambacho ndugu wa 1905 walikifumba kwa Kiarabu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, chama hicho kiliwekwa chini ya wizara iliyohusika na utamaduni, kikawa Culture Musical Club. Ikhwani Safaa nacho kwa muda kikajulikana kwa jina la Malindi. Ufadhili wa dola ulileta uhakika, lakini anayefadhili hutaka kusifiwa, na tungo za kusifu uongozi zikaongezeka.

Tishio la miaka ya 1990 halikutoka serikalini. Kinanda cha umeme kilimwezesha mtu mmoja kutoa sauti za fidla nyingi, na safu ya wapigaji ikapungua. Wahakiki wa mipasho wamejishughulisha mno na ukali wa maneno yake. Mabadiliko ya idadi ya watu wanaokaa pamoja mazoezini, wakisahihishana mizani na vina kabla ya wimbo kutoka, bado hayajapata mhakiki.