Fuwele Iliyojifunza Kupaza Sauti

Redio ya kwanza katika nyumba nyingi za Uingereza haikuwa na betri wala haikuchomekwa kwenye umeme. Baada ya BBC kuanza matangazo yake London tarehe 14 Novemba 1922, mtu mwenye bomba la kadibodi, waya wa shaba, visikizio na kipande cha galena aliweza kujiundia redio mezani kwake. Waya mrefu wa antena ulitundikwa nje, mwingine ukafungwa kwenye bomba la maji ili uende ardhini. Nguvu ya kutikisa visikizio ilitoka kwenye mawimbi ya stesheni yenyewe.

Galena ni madini ya risasi na salfa, ya kijivu na yenye kung'aa. Mwaka 1874 Mjerumani Ferdinand Braun aligundua kwamba fuwele za aina hiyo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Jagadish Chandra Bose wa Kolkata aliitumia tabia hiyo kunasa mawimbi, na mwaka 1904 akapewa hatimiliki nchini Marekani. Tabia hiyo ndiyo inayochuja sauti kutoka kwenye wimbi lililoibeba.

Kazi ilikuwa kuitafuta sehemu inayoitika. Msikilizaji aligusisha ncha ya waya mwembamba kwenye jiwe, akaisogeza kidogo, akasikiliza, akaisogeza tena. Muziki ukishapatikana, mlango uliofungwa kwa kishindo ulitosha kuupoteza, na msako ukaanza upya.

Lakini sauti ilikuwa ndogo mno. Familia ziliweka visikizio ndani ya bakuli ili sauti ivume kidogo, kisha wote wakainamisha vichwa kulizunguka. BBC nayo iliongeza nguvu upande wake: mwaka 1925 ilifungua mtambo wa kilowati 25 huko Daventry, ili wenye redio za fuwele walio mbali na miji wapate matangazo. Amplifaya za valvu (mirija ya kioo isiyo na hewa) zilikuwepo, lakini zilitaka betri za asidi za kupelekwa kuchajiwa mara kwa mara, pamoja na betri nyingine za volti nyingi. Kwa mfanyakazi wa kawaida gharama hiyo ilikuwa nzito.

Aliyeona mbali kuliko wote alikuwa kijana wa Kirusi, Oleg Losev. Mwaka 1922, katika maabara ya redio ya Nizhny Novgorod, aligundua kwamba fuwele ya oksidi ya zinki ikipewa umeme kidogo wa betri inaweza kukuza mawimbi, bila valvu yoyote. Mwaka 1924 jarida la Marekani, Radio News, lilitangaza uvumbuzi wake kwa shangwe. Hata hivyo fuwele zake zilikuwa kigeugeu, na valvu zikashinda soko. Losev alikufa kwa njaa mwaka 1942, Leningrad ikiwa imezingirwa. Jina lake lingestahili kutajwa kila inapotajwa historia ya elektroniki.

Redio isiyo na betri nayo haikufa. Huko Anzio, Italia, mwaka 1944, askari wa Marekani waliunda redio kwenye mahandaki kwa wembe na kipande cha grafiti ya penseli, wakasikiliza matangazo ya Roma.

Kisha fuwele ikarudi kwa mlango wa mbele. Desemba 1947, katika Bell Labs, John Bardeen na Walter Brattain waligusisha ncha mbili za dhahabu kwenye kipande cha jermani (germanium), zikiwa karibu sana, na sauti iliyoingia upande mmoja ikatoka kubwa zaidi upande wa pili. Transista ilikuwa imezaliwa.

Kwa hiyo anayeunda redio ya fuwele leo hahitaji bakuli. Dayodi ya jermani imechukua nafasi ya galena, na sauti yake huingizwa kwenye chipu ndogo ya LM386, yenye transista ndani yake, inayotumia betri ya volti 9 na kuendesha spika. Chipu hiyo huikuza mara 20, au mara 200 mtu akiunganisha kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa kwanza na wa nane.