Kichocho: Nani Alaumiwe?

Eti kichocho ni ugonjwa wa watoto watundu wasiokoma kuoga mtoni! Mimi sikubali, na historia ya Misri inaniunga mkono.

Mwaka 1851 Theodor Bilharz aliwakuta minyoo wake alipokuwa akipasua maiti mjini Cairo. Baadaye Arthur Looss akashikilia kwamba ugonjwa huu hauhitaji konokono. Mwaka 1915 Robert Leiper akaonyesha njia yenyewe: mayai yanaingia majini na mkojo au kinyesi, vijidudu vinalelewa ndani ya konokono, kisha vinatoka na kutoboa ngozi ya yeyote aliyekanyaga maji hayo.

Sasa angalia. Bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1902, mashamba mengi yaliyokuwa yakingoja mafuriko ya Nile yakapata maji mwaka mzima. Pamba ikastawi, konokono naye akastawi. Mkulima angemwagiliaje bila kuingia mferejini? Mama angefulia wapi?

Hatari yenyewe ndiyo hiyo, wenzangu: choo hakuna, bomba hakuna, na kazi lazima ifanyike. Kando ya Ziwa Victoria wapo wanaoishi hivyohivyo. Haya, mkataze mtoto asiingie ziwani. Lakini mwonyeshe basi maji mengine yako wapi.